Alama za Zamani Haziulindi Uzamili

Kuna imani iliyoota mizizi huku kwetu, kuanzia Cheptais hadi Kitale, na kutoka Kitale hadi kwenye kumbi za mikutano za Nairobi: kwamba shahada ya uzamili ni ya waliong'ara katika shahada ya kwanza, na kwamba sharti la daraja la pili la juu ndilo linaloizuia elimu yetu ya juu isiporomoke. Aliyehitimu na daraja la pili la chini huambiwa amshukuru Mungu kwa alichonacho, atafute kazi, alime. Wazazi wanaamini hivyo, wakuu wa shule wanaamini hivyo, na wahitimu wenyewe, ambao ndio wanaoumia, wanaamini kuliko wote. Imani hiyo ni potofu mara mbili. Inakwenda kinyume cha kanuni zilivyoandikwa, na inakwenda kinyume cha jinsi utafiti wenyewe unavyofanyika.

Nianze na kanuni. Sharti la kawaida la kujiunga na uzamili katika vyuo vikuu vya Kenya ni shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu au zaidi. Wengi huishia kusoma hapo. Mstari unaofuata husema kuwa mwenye daraja la pili la chini anaweza kupokelewa akiwa na uzoefu wa kazi unaohusiana na somo analoomba, kwa kawaida miaka 2. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika programu zake kadhaa, kimekuwa kikienda mbali zaidi: hata aliyehitimu kwa kiwango cha kufaulu tu hupokelewa akiwa na miaka 5 ya kazi inayohusika. Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, unaosimamiwa na mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2014, una ngazi 10. Shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya uzamili ngazi ya 8, shahada ya uzamili ngazi ya 9 na uzamivu ngazi ya 10. Kati ya shahada ya kwanza na uzamili, basi, imewekwa ngazi nzima ya kupandia.

Kwa hiyo mwalimu aliyehitimu na daraja la pili la chini, kisha akafundisha hesabu miaka 6 katika shule ya Kopsiro au Chesikaki, huenda ametimiza sharti zamani. Hajui. Alipouliza, alijibiwa na mwenzake, ambaye naye aliambiwa na mwingine, kwamba Second Lower, yaani daraja la pili la chini, haiendi popote. Uvumi umefanya kazi ambayo kanuni haikufanya: umemzuia mtu hata kabla hajajaza fomu.

Sasa tuitazame alama yenyewe inayoogopwa hivi. Katika vyuo vyetu vingi, wastani wa 70 na kuendelea ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini, na 40 hadi 49 ni kufaulu tu. Aliyemaliza na 59 na aliyemaliza na 60 wametofautiana kwa alama 1. Tofauti hiyo inaweza kuletwa na mtihani mmoja uliofanywa mtu akiwa na malaria, au na kozi moja ya mwaka wa kwanza ambayo alama zake za majaribio zilipotea. Aliyewahi kuzunguka idara kwa idara akitafuta alama zilizopotea, mkononi ana risiti ya karo na orodha ya mahudhurio aliyotia saini, ananielewa. Kisha tofauti hiyo ya alama 1 tunaipa jina, na jina hilo linamfuata mtu maisha yake yote.

Madaraja hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Tuliyarithi kwa Waingereza. Mwaka 1961 chuo cha Nairobi, wakati huo kikiitwa Royal College, kilianza kuandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Baadaye kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa 1963 kikiunganisha Nairobi, Makerere na Dar es Salaam, hadi muungano huo ulipovunjika mwaka 1970 na kila nchi ikabaki na chuo chake. Chuo mama kilibadilika, majina ya madaraja yakabaki. Yalitungwa kwa vyuo vya watu wachache waliofanana malezi na shule. Leo tunayatumia kupimia watoto wa Lavington, mtaa wa matajiri wa Nairobi, na watoto wa Cheptais kwa kipimo kimoja, halafu tunasema tumetenda haki.

Na watoto wa Cheptais walizipata alama hizo katika hali gani? Kati ya 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon, iliko Cheptais, liliwaka moto. Mgogoro wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force). Mamia ya watu waliuawa, maelfu wakakimbia makwao, na Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo iliacha malalamiko ya mateso na watu waliotoweka. Mtoto aliyekuwa darasa la nane mwaka huo, akienda bila kurudia darasa, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwaka 2012. Akiingia chuo 2013, mwaka wake wa nne uliangukia 2017, mwaka ambao wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma mara kwa mara, na migomo ikaendelea hadi 2018. Tuseme alimaliza na 57. Mwenzake ambaye masomo yake hayakuwahi kukatizwa na bunduki, na ambaye karo yake ililipwa siku ya kwanza ya kila muhula, alimaliza na 63. Alama zinaonyesha walipofika. Hazionyeshi kila mmoja alianzia wapi, wala alikuwa amebeba nini njiani. Ofisi ya udahili inayosoma 57 na 63 bila kusoma kingine chochote imechagua kutojua.

Watetezi wa sharti hili wana hoja moja nzito, nami siikwepi. Wanasema: tukilegeza mlango, uzamili utakuwa karatasi tu, tayari kuna shahada zisizo na uzito, mnataka kuongeza? Hofu yao ni ya kweli. Kosa lao ni kuutafuta ugonjwa mahali usipokuwa.

Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilitunuku uzamivu watu 118 katika mahafali moja. Nchi ilishtuka, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaanzisha uchunguzi. Mjadala uliofuata haukuhusu madaraja ya shahada ya kwanza. Watu waliuliza ni nani waliowasimamia, msimamizi mmoja alibeba wanafunzi wangapi, makala zao zilichapishwa wapi, na utahini ulifanyikaje. Kanuni za tume za 2014 ziliweka kikomo cha wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamivu kwa msimamizi mmoja katika mwaka, na zilimtaka mtahiniwa wa uzamivu awe na makala zilizochapishwa katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Walioandika kanuni hizo walijua kuwa ubora unapatikana ndani, katika miaka ya kusoma, kuandika, kusahihishwa na kuandika tena.

Ndani humo ndimo tunamovuja. Mwanafunzi wa uzamili anayeishi Cheptais hupanda matatu alfajiri kupitia Chwele hadi Bungoma na kuendelea mbele, kwenye bahasha ana sura ya pili ya tasnifu aliyoichapisha jana yake kwenye saiba. Anafika na kukuta ofisi ya msimamizi imefungwa. Sura ya kwanza aliyoiacha muhula uliopita ingali pale, haijaguswa kwa kalamu. Amelipa karo ya muhula mzima kwa huduma ambayo hakuipata, na muhula ujao atatakiwa kulipa tena ili abaki kwenye orodha. Huyu aliingia na daraja la pili la juu. Daraja lake limemsaidia nini? Anayejali ubora aanze na mlango huo uliofungwa.

Historia ya utafiti katika ardhi yetu inatoa ushahidi mwingine. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikuja Kenya bila digrii, akawa katibu wa Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, katika makumbusho ya Nairobi. Mwaka 1960 Leakey alimtuma Gombe, kule Kigoma, Tanzania ya leo. Mwaka huohuo aliwaona sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, jambo lililowalazimu wanasayansi kufikiri upya kuhusu mpaka kati ya binadamu na wanyama. Mwaka 1962 Cambridge ilimpokea moja kwa moja kusomea uzamivu. Hakuwa na shahada ya kwanza, seuze daraja. Alimaliza, na hakuna leo anayesema Cambridge ilijishusha.

Sasa mtazame Kamoya Kimeu, Mkenya wa Ukambani ambaye shule aliisoma kidogo. Mwaka 1984, kule Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, jicho lake lilitambua kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe. Kipande hicho ndicho kilichowafikisha watafiti kwenye mifupa ya Kijana wa Turkana, mmoja wa mababu wa binadamu waliohifadhika vizuri kuliko karibu wote wa umri wake, aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya alipata shahada ya uzamivu ya heshima mwaka 2021 kutoka Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani, na mwaka uliofuata akafariki. Wote wawili walianzia kazini kwa familia moja ya Leakey, na wote walikuwa na jicho ambalo darasa haliwezi kumpa mtu. Mmoja alifunguliwa mlango akiwa kijana na akapewa zana za kuandika alichokiona. Mwingine alivishwa joho uzeeni. Hasara ya hapo haikuwa ya Kamoya peke yake. Ni ya Kenya.

Mfano mwingine ni wa siku hizi na unauma zaidi. Filamu ya 2024 iitwayo The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya, inawaonyesha vijana Wakenya wanaoandika insha na tasnifu kwa niaba ya wanafunzi wa vyuo vya Uingereza na Marekani. Kazi hiyo ni udanganyifu na siitetei. Lakini inatuambia jambo moja wazi: wapo waliotimiza masharti yote ya kuingia na hawawezi kuandika tasnifu, na wapo waliobaki nje ya lango wanaoweza.

Tukumbuke pia uzamili ni wa kazi gani. Ni wa kujibu maswali. Cheptais ina maswali mengi yanayomsubiri mtu wa kuyajibu. Mtaala wa sasa unataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Katika darasa ambalo Wasabaot na Wabukusu wameketi dawati moja, lugha hiyo ni ipi, na mtoto wa jirani anajifunzaje kusoma? Atakayejibu vizuri ni mwalimu anayesimama mbele ya darasa hilo kila asubuhi, anayesikia mtoto anapokwama kwenye silabi gani. Kitale nayo ndiyo iliyolipatia taifa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964, baada ya miaka ya kazi katika kituo cha utafiti cha pale. Leo ofisa wa kilimo anayezunguka mashamba ya Mlima Elgon kwa pikipiki anajua mbegu gani inashindwa kwenye mteremko gani. Hawa wawili wana kile ambacho watahiniwa wengi hukitafuta miaka 2 wasikipate: swali la kweli na data iliyo mlangoni. Tunawaambia warudi nyumbani kwa sababu ya mtihani walioufanya wakiwa na miaka 21.

Sisemi mlango uachwe wazi kila mtu ajiingilie. Nasema upimwe uwezo wa kazi inayoombwa. Mwombaji aandike pendekezo la utafiti la kurasa chache, aketi chumbani aandike insha mbele ya msimamizi, kisha ahojiwe na watu wanaolijua somo lake. Akionekana ana upungufu, apewe kozi za kujaziliza katika muhula wa kwanza, na akishindwa aondoke. Mbali na barua za wahadhiri wake wa zamani, ambao baada ya miaka 8 wamestaafu au hawapokei simu, zipokelewe pia barua kutoka kwa mkuu wa shule au mkuu wa idara anayemwona kazini. Kipimo hiki ni kigumu kuliko kutazama wastani kwenye karatasi. Kinahitaji muda wa wahadhiri, na ndiyo sababu vyuo vinakikwepa. Ni rahisi kumkataa mtu kwa namba kuliko kumsoma.

Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake 2015, kiko hapa Bungoma. Masinde Muliro kiko Kakamega. Vyuo hivi vilijengwa ili watu wa magharibi mwa Kenya wasihesabiwe kuwa wageni katika elimu ya juu. Navisihi, pamoja na vingine vyote, vichapishe masharti yao kamili kwa Kiswahili na Kiingereza, mstari wa uzoefu ukiwa na maandishi makubwa sawa na mstari wa alama, na vimpe kila anayekataliwa sababu kwa maandishi.

Na wewe uliyekaa na cheti chako cha daraja la pili la chini ukidhani mambo yameisha, usikubali kufungiwa na uvumi. Tafuta kanuni za chuo unachokitaka uzisome hadi mwisho. Kusanya barua za ajira na andika swali lako la utafiti kwa lugha iliyonyooka. Ulizia mikopo ya HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa masomo ya uzamili, kisha omba. Hakuna kanuni nchini Kenya inayosema safari yako ilikwisha siku ya mahafali.