Zege la Ghala Lisimwagwe Mvuani

Ndugu Wanachama,

Wako wanaotaka msingi wa ghala letu umwagwe zege sasa hivi, masika haya, ili karafuu za Julai zikute nyumba tayari. Haja yao naijua, kwani karafuu iliyokauka ikipata unyevu huingia ukungu na kushuka daraja. Walakini msingi mbovu hautatulinda na unyevu huo.

Wao husema: "Saruji si hutaka maji?" Ni kweli, lakini maji ya kipimo. Fundi akichanganya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, kisha mvua ikaongeza maji yake, zege hupungua nguvu. Mvua kubwa ikilipiga kabla halijashika, huiosha saruji zikabaki kokoto tupu. Tena mtaro uliojaa maji chini yake ni tope, na zege juu ya tope hutitia na kupasuka.

Rai yangu ni hii: tukusanye kokoto, na saruji tuiweke juu ya mbao, mahali pakavu. Siku ya kumwaga iwe ya ukavu, maji na tope vitolewe mtaroni, na turubai ziwe karibu. Zege likisha kushika, hapo maji ni rafiki: tulinyweshe siku 7, maana hukomaa kwa siku 28 hivi.

Ghala likichelewa, karafuu za mwanzo zitakaa majumbani kama zamani. Hiyo ni hasara ndogo. Kubomoa msingi ni kulipa mara mbili, na fedha ni jasho letu sote.

Katibu