Saratani ya utumbo mpana: inavyojificha, na kwa nini tuwahi

Mwaka 2022, madaktari wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, walitangaza habari njema. Wagonjwa 12 wenye saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana walipewa dawa ya dostarlimab, na kwa wote uvimbe haukuonekana tena. Hadi leo akina mama huniuliza: dawa ya saratani imepatikana? Imepatikana, ila kwa wachache.

Kinga ya mwili ni kama walinzi wa usiku wa soko letu la Kiboriloni. Seli nyeupe za damu huzunguka mwilini zikikagua, na zikikuta seli iliyoharibika huiua. Saratani hukua kwa kuwakwepa walinzi hao. Wakati mwingine hujivika protini inayowaambia, "Mimi ni wa hapa, niacheni." Wakati mwingine huwazuia wasiingie kabisa ndani ya uvimbe. Ndiyo maana mgonjwa ambaye walinzi wameingia kwa wingi kwenye uvimbe wake, kwa kawaida huwa na matumaini zaidi ya kupona.

Dostarlimab huvunja ule ujanja wa kwanza. Lakini wale 12 wote walikuwa na aina ya uvimbe ambao seli zake haziwezi kurekebisha makosa ya vinasaba, kwa hiyo walinzi huzitambua kirahisi. Aina hiyo ni takribani 15 tu katika kila saratani 100 za utumbo mpana. Tena dawa ni ghali mno.

Kwa wengi wetu, basi, kinachookoa ni kuwahi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa saratani hii ikigunduliwa kabla haijatoka kwenye utumbo, takribani wagonjwa 9 kati ya 10 huishi miaka 5 au zaidi. Ikishafika kwenye ini au mapafu, hawafiki 2 kati ya 10.

Mama, ukiona damu kwenye choo, usinunue dawa ya bawasiri ukakaa kimya. Vivyo hivyo choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, ukikonda au ukipungukiwa damu bila sababu. Nenda kituo cha afya, uliza kuhusu rufaa ya Mawenzi au KCMC. Kama mzazi au ndugu yako wa damu aliwahi kuugua saratani hii, sema.

Na bibi au babu unayemtunza? Huenda anaona aibu kusema. Muulize wewe.