Katuni isiyomharakisha mtoto

Tarehe 9 Desemba 1965 kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kilirusha kipindi cha vibonzo cha nusu saa ambacho wakubwa wake wenyewe hawakukipenda. Jina lake ni A Charlie Brown Christmas. Walipokitazama kabla ya kurushwa walinung'unika: kinakwenda polepole mno, muziki wa jazi hauendani na katuni ya Krismasi, na kumsomea mtazamaji Biblia hewani ni kujitafutia balaa. Lakini nafasi yake kwenye ratiba ilikuwa imeshapangwa na mdhamini, Coca-Cola, alikuwa akikisubiri, hivyo wakakiachia. Usiku huo karibu nusu ya televisheni zote zilizokuwa zimewashwa nchini humo zilikuwa kwenye kipindi hicho, na mwaka uliofuata kikatunukiwa tuzo za Emmy na Peabody. Hoja yangu ni kwamba yale yale waliyoyaona kasoro ndiyo yamekifanya kitazamwe hadi leo, na yote yana chanzo kimoja: waliokitengeneza walimwamini mtoto.

Tazama walivyofanya kazi. Mwandishi alikuwa Charles M. Schulz, mchoraji wa katuni ya magazetini ya Peanuts tangu 1950. Mtayarishaji alikuwa Lee Mendelson na mwongozaji Bill Melendez. Walikuwa na takriban miezi sita tu. Desturi ya wakati huo ilikuwa watu wazima kuigiza sauti za watoto, wao wakaita watoto wenyewe. Aliyeigiza Sally, mdogo wake mhusika mkuu, Charlie Brown, alikuwa hajajua kusoma, kwa hiyo alitamkiwa maneno yake kipande kwa kipande naye akayarudia. Ukisikiliza kwa makini utasikia sentensi zake zikikatika pasipotarajiwa, na kukatika huko ndiko kunakokufanya uamini kwamba anayesema ni mtoto kweli. Schulz alikataa pia vicheko vya kurekodiwa, ambavyo wakati huo viliwekwa hata kwenye vibonzo kama The Flintstones. Maana yake hakuna anayemwambia mtoto hapa ndipo pa kucheka; anaachwa aamue mwenyewe. Halafu kuna piano ya Vince Guaraldi, na besi na ngoma zake, muziki ambao unaweza kuchangamka na kusikitika ndani ya dakika moja. Na hadithi yenyewe inaanza na Charlie Brown akikiri kwa rafiki yake kwamba Krismasi inakuja na yeye hana furaha. Ni katuni chache za sikukuu zinazothubutu kuanzia hapo.

Kilele chake kinastahili kutazamwa polepole. Charlie Brown, akiwa amechekwa na wenzake kwa kuleta kijiti cha mti chenye matawi machache, anapaza sauti akiuliza kama kuna yeyote ajuaye maana ya Krismasi. Linus, mtoto ambaye haachani na blanketi lake, anatembea hadi katikati ya jukwaa na kuomba taa. Taa zinapungua, mwanga unabaki juu yake peke yake. Kwa sauti ya Christopher Shea, aliyekuwa na umri wa miaka 7, anasema kwa moyo habari za wachungaji kutoka Injili ya Luka, sura ya 2, mstari wa 8 hadi 14. Hakuna muziki unaompigia nyuma. Malaika anapowaambia wachungaji wasiogope, vidole vya Linus vinafunguka na blanketi linaanguka sakafuni. Hakuna anayelitaja. Kamera hailisogelei wala hakuna mhusika anayeeleza kilichotokea. Mtoto anayeona, ameona. Asiyeona mwaka huu huenda akaona mwaka ujao. Baada ya kumaliza, Linus analiokota na kurudi kwa rafiki yake.

Wapo watakaosema huu ni unafiki: kipindi kinacholalamikia biashara ya Krismasi kimelipiwa na kampuni ya soda, na toleo la kwanza lilikuwa na salamu za kampuni hiyo ndani yake, ambazo baadaye ziliondolewa. Ongeza wanasesere na kadi ambazo Snoopy ameuzia dunia nzima. Ukweli huo siukwepi. Ila hukumu hiyo inakisoma kipindi vibaya. Ni kweli kinamchora Sally akimwandikia Santa amletee noti, mwenzao Lucy akitamani viwanja na nyumba, na mbwa Snoopy akipamba kibanda chake ili ashinde fedha za mashindano. Wakati huo miti ya alumini ilikuwa ya fasheni Marekani, na Lucy anataka mmoja mkubwa unaong'aa. Lakini watoto wanapojuta na kuufuata ule mti mnyonge, wanaupamba kwa mapambo yale yale yaliyomshindia mbwa zawadi. Mapambo hayatupwi, yanapewa kazi nyingine. Kipindi kinachosema hivyo hakidai kwamba pesa ni haramu. Kinauliza pesa imechukua nafasi ya nini, na swali hilo linabaki halali hata kama mdhamini ndiye aliyelipia kipindi chenyewe.

Pingamizi la dini ni zito zaidi, hasa kwetu Afrika Mashariki ambako Mkristo na Muislamu wanakaa mtaa mmoja na kutazama televisheni moja. Kituo cha umma kina wajibu wa kutomhubiria mtu. Hata hivyo Linus hamhubirii mtazamaji. Rafiki ameuliza sikukuu hii inahusu nini, naye anamjibu kwa kitabu ambacho sikukuu imetoka. Inachukua takriban dakika moja. Mtoto asiye Mkristo anaondoka akijua majirani zake wanaamini nini, bila kuombwa akubali. Ningetaka mtoto wa Kikristo aelezwe Idi kwa uwazi huo huo.

Na wale wanaosema watoto wa leo, waliozoea video fupi za simu, hawawezi kukaa na kitu cha taratibu kiasi hiki, wajue kwamba wakubwa wa CBS walisema hivyo kabla simu hizo hazijabuniwa. Mwaka 2020 Apple ilipochukua haki za kukionyesha na kukitoa kwenye televisheni ya bure, watazamaji walilalamika hadi kipindi kikarudishwa mwaka huo huo kupitia kituo cha umma cha PBS. Watu hawapiganii kitu kinachowachosha.

Afrika Mashariki wachoraji na watengeneza vibonzo wapo. Ubongo Kids inatoka Dar es Salaam tangu 2014, na Tinga Tinga Tales ilitengenezewa Nairobi. Ombi langu ni kwa vituo na wadhamini wanaowapa kazi: wapeni nusu saa moja ya sikukuu, ya Krismasi au ya Idi, wawaite watoto wa mitaa yetu waseme kwa Kiswahili chao, na mkiona pahali kimya kimeingia, msidai kijazwe.