Amana ya Siri: Mshauri Nasaha wa Sigowet



Safu hii ilipogusia huzuni inayowapata baadhi ya wazazi baada ya kujifungua, barua zilizotufikia zilibeba swali moja kwa sura mbalimbali. Akina mama hawakuuliza kama ushauri nasaha una faida. Waliuliza: nikimweleza, yeye atamweleza nani? Wana haki ya kuuliza. Katika mitaa yetu, kutoka Mji wa Kale hadi Malindi, neno hutoka nyumba hii asubuhi na kufika nyumba ya saba kabla ya adhuhuri, tena likiwa limeongezwa chumvi. Nimeona heri nijibu kwa kueleza kazi ya mama mmoja anayeishi mbali na pwani yetu, huko Sigowet, katika nchi ya majani chai ya Kericho, ambako wifi yangu ameolewa.

Sigowet ni upande wa juu wa eneo bunge la Sigowet/Soin. Huku juu ni baridi, mvua na chai. Ukiteremka Soin unakutana na joto na mashamba ya miwa. Mashamba ya chai ya wenyeji ni madogo na yamepakana, na mtu akikohoa kwake jirani humpa pole. Wanawake huamkia shambani na vikapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi lake, na mikono ikifanya kazi hiyo ndimi nazo hazilali. Kwa hiyo nilijiambia kwamba siri inayoweza kutunzwa Sigowet inaweza kutunzwa hata Kibokoni.

Mama huyu ni Mkipsigis, muuguzi wa zamani, na si Mwislamu. Jina lake silitaji kwa sababu ameniomba nisilitaje. Nilimwomba anipe kisa kimoja tu cha mtu aliyemsaidia, hata kwa kubadilisha jina na kijiji. Alitabasamu akaniambia, "Mama, hapa ukibadilisha jina na kijiji, ng'ombe atabaki yuleyule na watu watamjua mwenyewe." Akanikaribisha badala yake nimuulize namna anavyofanya kazi, na nusu ya jibu la barua zenu nililipata katika kukataa kwake.

Chumba chake kimo katika jengo lilelile ambamo watoto wachanga hupimwa uzito na kuchanjwa. Hakuna kibao mlangoni. Mwanamke anayeingia pale huenda amekuja kwa ajili ya mtoto, huenda amekuja kwa ajili ya nafsi yake, na aliye nje hawezi kujua. Ndani mna viti viwili vilivyogeuzwa upande kidogo, visikabiliane uso kwa uso, ili anayesema aweze kuangalia dirishani maneno yakimwia mazito. Hakuna meza katikati. Saa ya ukutani ameitundika nyuma ya kiti cha mgeni, aione yeye mwenyewe bila ya kumfanya mgeni ahisi anahesabiwa dakika. Anachoandika ni kidogo, kwa nambari badala ya majina, na daftari hufungiwa kabatini.

Siku ya kwanza, kabla hajauliza lolote, husema masharti. Utakayoyasema yatabaki hapa, isipokuwa katika mambo matatu: ukiwa umekusudia kuutoa uhai wako au wa mtu mwingine, ikiwa kuna mtoto anayedhuriwa, au mahakama ikiamuru. Husema pia jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza: "Tukikutana sokoni, sitakusalimu mpaka unisalimu wewe. Usidhani nimekudharau." Kwa Wakipsigis, kupita bila ya kusema chamgei ni utovu wa adabu, kama ilivyo kwetu kupita bila ya salamu. Lakini alinieleza kwamba mtu akionekana anaamkiana naye kwa bashasha, wenzake watauliza wamejuana wapi. Basi amemwachia mwenye siri ufunguo wa salamu. Akisalimiwa hujibu, asiposalimiwa hupita. Kwetu kuanza salamu ni sunna na kuijibu ni wajibu, na ukitazama vizuri utaona kwamba wajibu huo hauvunjiki.

Neno lenyewe "ushauri" nadhani limetupotosha kidogo. Tukisikia ushauri tunatazamia kuambiwa la kufanya: rudi kwa mumeo, usirudi, msamehe mkweo, hama. Mama huyu hutoa maagizo machache mno. Mtu akimuuliza, "Kwa hiyo nifanyeje?", yeye humrudishia polepole: umekwisha kufikiria nini, kipi ulichokijaribu, kipi unakiogopa zaidi? Wapo wanaoudhika na kuondoka wakisema wamelipa nauli bure. Yeye ana sababu. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameamuliwa na baba, kisha mume, kisha mashemeji, akija kwake naye akamwamulia, atakuwa amempata mwamuzi wa nne.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, ambaye njia yake imeenea sana katika mafunzo ya washauri, aliandika mwaka 1957 juu ya masharti ya kumsaidia mtu abadilike. Matatu kati ya hayo ndiyo yanayotajwa zaidi: mshauri awe mkweli, asivae uso wa bandia, amkubali aliye mbele yake bila ya kumwekea masharti, na ajitahidi kuiona dhiki ile kwa jicho la mwenye dhiki. Ni rahisi kuyaandika. Jaribu kukaa nusu saa na mtu anayelia bila ya kumwambia anyamaze, bila ya kumsimulia msiba wako ulio mkubwa kuliko wake, na bila ya kukimbilia neno "subiri". Sisi watu wa pwani tuna maneno mazuri ya kuliwaza, na mara nyingine tunayatumia kama kifuniko, kwa sababu kilio cha mwenzetu kinatutisha.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 miladia, aliandika kitabu Masalih al-Abdan wa al-Anfus, juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Alieleza ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba, akaitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu asijue imetoka wapi. Alishauri pia mtu ajiwekee fikra njema akiwa mzima, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya homa. Anayedai kwamba kumwendea mshauri ni kuiga Wazungu amesahau karne kumi na zaidi.

Huko Sigowet yapo mengi ya kuliliwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu ukoo wa Talai kutoka nchi ya Wakipsigis na kuupeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, na wajukuu wangali wanausimulia uhamisho ule. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa makabila mengine walifukuzwa katika mashamba makubwa ya Kericho. Sondu, soko la mpakani na Kisumu, limewahi kuwaka mara kadhaa. Na Februari 2023, shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya makampuni makubwa walieleza kudhalilishwa na wasimamizi wao, kazi ikiwa ndiyo kitanzi.

Zaidi ya 70! Waliishi miaka mingapi na jambo hilo kifuani kabla ya mtu kuwauliza kwa namna iliyowawezesha kujibu? Hapa ndipo ninapotaka kusimama na wasomaji wangu. Tunao msemo, funika kombe mwanaharamu apite, na mama zetu wamefunika makombe mengi. Stara ni tabia tukufu. Lakini stara ni ya kumsitiri mja aliyeteleza, haikuwekwa kuwa pazia la kumfichia dhalimu. Baadhi ya barua zenu zinauliza kama kumweleza mshauri maovu ya mume ni kusengenya. Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa asilolipenda, na miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kumshtakia anayeweza kumsaidia. Bi Hind binti Utba alimwendea Mtume (S.A.W.) kulalamikia ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, naye akasikilizwa na kujibiwa. Mipaka ipo: useme kwa kiasi cha haja, na umwambie anayehusika. Mshauri aliyekula yamini ya kutunza siri anahusika. Shoga wa kibarazani, hata akipendwa vipi, sina hakika.

Pale Sigowet viti hujaa zaidi wakati bonasi ya chai inapolipwa, mara nyingi mwezi wa Oktoba. Mke amechuma mwaka mzima, shamba na akaunti ni kwa jina la mume, na fedha zinapoingia mume huonekana mjini siku tatu. Mama huyu hamwambii mwanamke kwamba mumewe ni mbaya. Humsaidia kwanza kuyapanga mawazo: lipi ni la fedha, lipi ni la heshima, lipi ni la hatari. Akisikia kuna kipigo, mazungumzo hugeuka. Hapo huuliza waziwazi mlango uko wapi, watoto hulala wapi, nani aliye karibu anayeweza kufungua saa nane za usiku. Kwa usalama wa roho hangoji mtu aivishe fikra zake taratibu.

Vilevile anaijua mipaka yake. Mtu asiyekula, asiyelala kwa majuma, anayesikia sauti, au mzazi anayeogopa kumdhuru mtoto wake, humpeleka kwa daktari, tena huandamana naye mpaka apokewe. Aliyewahi kujaribu kujiua humpokea bila ya karipio. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu huyo kuwa mhalifu, hata Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua kwamba kinapingana na Katiba. Miaka yote hiyo wagonjwa waliificha dalili waliyopaswa kuisema kwanza, kwa kuogopa polisi.

Nilimuuliza pia juu ya majini, maana nilijua mtauliza. Alisema hamcheki mtu wala habishani naye. Humuuliza: imani yako inakupa nguvu wapi, na wapi inakutia hofu? Akiwa na shekhe anayemsomea, aendelee kusomewa. Kidonge na kisomo havigombani. Nami nimeyaona nyumbani kwetu mambo mengi yaliyotupiwa jini, kumbe yalikuwa usingizi wa mzazi uliopotea miezi minne.

Wanaohofu kwamba ni lazima awe msomi mkubwa wajue yaliyotokea kwingine. Zimbabwe, tangu 2006, akina bibi wa mitaani wamefunzwa kukaa na wenye dhiki kwenye mabenchi nje ya zahanati. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufikiri kupita kiasi, sawasawa na sisi tunaposema fulani "ana mawazo". Matokeo ya utafiti yalichapishwa 2016 na yalikuwa mazuri, na benchi hilo limekwisha kufika Zanzibar. Nairobi nako, utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa jamii waliopata mafunzo waliweza kuwapunguzia dhiki wanawake waliotendewa ukatili, kwa vikao vitano tu.

Hata hivyo, msimwendee kila ajiitaye mshauri. Tangu 2014 Kenya inayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na anayeifanya kazi hii anatakiwa asajiliwe. Muulizeni leseni yake bila ya haya, kama mnavyomuuliza fundi amejenga wapi. Mnaweza kuomba mshauri mwanamke, na mkikosa, mlango uachwe wazi kidogo au mahramu angoje nje mahali asiposikia. Akianza kukusimulia habari za mteja mwingine ili akuliwaze, chukua buibui lako uondoke.

Niliposimama kuaga nilimuuliza swali la mwisho: yeye mwenyewe hayo yote huyapeleka wapi? Alisema kwamba kila mwezi hupanda matatu mpaka Nakuru kwa mshauri aliyemtangulia katika kazi, kwa nauli yake mwenyewe, bila ya kumtaja mtu hata mmoja kwa jina. Huko naye hukikalia kiti cha mgeni, na saa huwa nyuma yake.