Namba Sahihi kwa Sababu Mbaya: Somo Kutoka kwa Klachi ya Pikipiki ya Theluji

Leo mnivumilie, sitaandika kuhusu simu mpya wala lugha za programu. Nataka kuandika kuhusu springi. Naam, springi za chuma, zile zinazokaa ndani ya klachi ya pikipiki ya theluji. Najua wengi wetu theluji tunaiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, tena siku ambayo mawingu yametuhurumia. Lakini springi hizo zilinifunza kusaka hitilafu kuliko somo lolote nililosoma chuoni, na nina maoni makali juu yake.

Februari 2023 nilikwenda Minnesota, Marekani, kumtembelea binamu yangu ambaye ni muuguzi huko. Alikuwa amenunua pikipiki ya theluji iliyotumika, ya cc 600. Aliyeiuza alikuwa akiiendesha milimani Colorado, kwenye kimo cha karibu mita 3,000. Huku Minnesota, ambako ardhi iko chini sana, injini ilikuwa inapiga kelele mno bila kwenda. Mita ilisoma mizunguko 8,700 kwa dakika, ilhali injini ile hutoa nguvu zake zote kwenye 8,100. Kaka akaniambia, "Wewe si ndiye mtu wa tarakilishi? Tengeneza."

Kabla sijaeleza nilivyoharibu, tuelewane kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Pikipiki ya theluji haina gia za kuhesabu moja, mbili, tatu. Ina puli mbili na mkanda wa mpira kati yake. Puli ya kwanza iko kwenye injini. Ndani yake kuna vipande vya uzito ambavyo injini ikizunguka kwa kasi hurushwa nje, vikasukuma pande mbili za puli zikaribiane. Mkanda hupanda juu, na hapo ni kama umebadilisha gia kwenda kubwa. Springi ya puli hiyo inavuta upande wa pili, inavizuia vile vipande. Ndiyo maana springi huandikwa namba mbili, kwa mfano 120/340, yaani nguvu yake kwa ratili ikianza kubanwa na ikimaliza. Namba ya kwanza huamua injini ifike mizunguko mingapi ndipo mkanda ukamatwe na pikipiki ianze kwenda. Ya pili huamua mambo mkiwa mmeshachanganya mwendo.

Puli ya pili iko upande wa mnyororo wa magurudumu. Nayo ina springi yake, pamoja na kipande kiitwacho heliksi. Heliksi ni chuma chenye mteremko wa kuzunguka, kama ngazi za mnara. Mkanda ukivuta kwa nguvu, puli hujipinda juu ya mteremko huo na kuubana mkanda zaidi. Ukipanda kilima, mzigo unaongezeka, puli inabana, na "gia" inashuka yenyewe. Heliksi ya nyuzi nyingi hupandisha gia haraka na kushusha mizunguko ya injini, lakini haina haraka ya kurudi chini ukitoka kwenye kona. Ya nyuzi chache hufanya kinyume chake.

Hebu fikirieni: hakuna kompyuta hapo, hakuna hata waya. Ni ndugu ya gavana ambayo James Watt aliifunga kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Ni programu iliyoandikwa kwa chuma, na kazi yake ni moja tu: kuishika injini pale penye nguvu, iwe tambarare au kilimani.

Sasa nilichofanya. Niliagiza kifurushi cha klachi kilichosifiwa sana: vipande vizito zaidi, heliksi ya nyuzi nyingi zaidi, na springi ngumu zaidi ya puli ya pili. Nikafunga vyote jioni moja. Asubuhi tukaenda ziwani, barafu imekaza kama lami, kaka akabonyeza mafuta mpaka mwisho. Mita ikasoma 8,100. Nikapiga kelele za ushindi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyowasimulia.

Jioni hiyo, kilomita 9 kutoka nyumbani, mkanda ulikatika. Baridi ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri na jua linazama. Mkanda wa akiba tuliuacha gereji, kwa sababu mimi ndiye niliyesema tupunguze uzito. Kaka alikuwa na zamu ya usiku hospitalini. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka kuvua samaki kwenye barafu alitukuta tukirukaruka ili vidole visife ganzi. Alifungua kifuniko, akasogeza kiganja karibu na puli, akakiondoa haraka.

"Mlibadilisha nini?"

"Vitu vitatu," nikasema.

"Basi hamjui mlibadilisha nini," akajibu, kisha akatufunga kamba na kutuvuta mpaka nyumbani. Kaka alichelewa kazini saa moja na nusu.

Usiku huo sikulala, nikachora yote kwenye karatasi. Vipande vizito na heliksi mpya vilishusha mizunguko kupita kiasi. Springi ngumu ikaipandisha tena. Makosa mawili yakakutana katikati na kutoa 8,100. Wakati huohuo puli moja inaubana mkanda kwa nguvu huku, nyingine inaubana kule, na mpira unapikika katikati. Namba ilikuwa sahihi kwa sababu mbaya.

Wandugu, ni mara ngapi tumefanya hivi kazini? Ripoti ya mauzo inazidisha shilingi 40. Badala ya kutafuta chanzo, mtu anaongeza mstari wa kutoa 40. Majaribio yanapita, mteja anafurahi, kisha siku ya mshahara mfumo unakatika kama ule mkanda.

Tulirudisha springi na heliksi za zamani, tukagusa kitu kimoja tu: vipande vya uzito. Mwanzoni vilikuwa gramu 52 kila kimoja. Kwa gramu 54 tulipata 8,450. Kwa 56, 8,200. Kwa 57, 8,100. Ziwa lilelile, mkanda uliokwisha kupata joto, umbali uleule, na kila jibu kwenye daftari. Kila baada ya mbio tulizima injini na kusikiliza joto la puli kwa mkono. Mwishowe tukaijaribu ile heliksi mpya peke yake. Ikawa inachelewa kutoka kwenye kona. Tukaitoa. Pesa ya kifurushi, zaidi ya nusu, ilikuwa imekwenda bure.

Haya si ya Marekani tu. Skuta zisizo na gia zinazopita Kirinyaga Road zina puli na mkanda wa namna hiyohiyo, ila badala ya vile vipande zina vigololi vya uzito. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwa hiyo skuta iliyopangwa vizuri Mombasa huenda ikawa nzito Nairobi, na dawa yake huenda ni gramu chache tu, si injini mpya.

Msimamo wangu ni huu: klachi haiongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Inakuzuia kuzipoteza ulizo nazo. Na anayekuuzia vitu vitatu kwa pamoja anakuuzia pia kutojua. Pima kwanza, badilisha kimoja, andika, pima tena. Ni polepole, najua, na inachosha. Lakini kilomita 9 kwenye barafu zinachosha zaidi.

Na mkanda wa akiba, tafadhali, usiuache gereji. Tuonane tena hapa.