Nyanya za kwenye ndoo: Nafuu kwa wenye ua mdogo Mbinga na Nyasa

UHABA wa ardhi tambarare ni tatizo la miaka mingi katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma. Milimani, Wamatengo walibuni kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayohifadhi maji ya mvua na kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko mikali. Kando ya Ziwa Nyasa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Kwa mkazi wa Mbinga mjini au Mbamba Bay mwenye ua wa hatua chache, bustani ya nyanya huonekana kuwa ndoto. Hata hivyo, ndoo mbili za lita 20 zinaweza kumpunguzia safari za sokoni.

Ndoo moja huwekwa ndani ya nyingine, ikiachwa nafasi ya maji chini. Kikopo chenye matundu, kilichojazwa udongo, huning'inia kutoka ndoo ya juu hadi ndani ya maji hayo. Udongo huyapandisha maji kama utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta ya taa. Bomba dogo hutumika kujazia maji, na tundu la pembeni hutoa yanayozidi ili mizizi isikose hewa.

Faida kubwa huonekana kiangazi, wakati kila ndoo ya maji ina thamani. Unyevu usiobadilika-badilika hupunguza tatizo la nyanya kuoza kitako. Katika baridi ya milimani, kumwagilia kutoka chini huyaacha majani yakiwa makavu, hivyo ugonjwa wa bakajani hukosa mazingira unayoyapenda, mradi ndoo ikingwe mvua na ipate jua la kutosha.

Lakini mbinu hii si muujiza. Kantangaze, mdudu aliyethibitishwa kuingia nchini mwaka 2014, huruka na kufikia nyanya za kwenye ndoo sawa na za shambani. Maji yakiachwa wazi hugeuka mazalia ya mbu, jambo la hatari katika ukanda wa ziwa wenye malaria. Aidha, madumu yaliyobeba viuatilifu hayafai kabisa kwa kazi hii.

Gharama nayo ina ukomo wake. Ndoo mbili hubeba mche mmoja tu, kwa hiyo anayenunua ndoo mpya ili auze nyanya sokoni atapata hasara kabla ya faida. Anayetumia ndoo zilizopasuka mdomo au madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa, kwa ajili ya jiko lake, ndiye mwenye hesabu nzuri.

Hapo ndipo maofisa ugani wa wilaya hizo mbili wanapohitajika. Ndoo chache za mfano katika shule na zahanati zingetosha kuonyesha kwamba hekima ya ngoro, ya kuyatunza maji yalipo mizizi, inaweza kuhamia uani.