Mume naye apimwe

Ndugu zangu wa Ibra, Sur na Nizwa, mwaka ukipita bila mimba, mbona anayepelekwa hospitali ni mke peke yake? Karibu nusu ya matatizo ya kukosa mtoto huwa na sababu upande wa mume pia. Kuwa na nguvu za kiume si dalili ya kuwa na mbegu. Kipimo cha manii ni rahisi: unajizuia siku 2 hadi 7, unatoa, basi. Majibu yakiwa mabaya, rudia kupima. Acha sigara, pima sukari. Asali za "nguvu" ziache. Baadhi zimekutwa na dawa ya Viagra ndani yake. Kabla ya kutaja talaka au mke wa pili, kapime wewe kwanza.